Eti Kazi ya Moyo

Nilijua sentensi ile inakuja. Mgeni rasmi alikuwa ameshakabidhi magunia manne ya unga, katoni za sabuni na madumu ya mafuta ya kupikia. Alikuwa ameshapiga picha na watoto waliopangwa kwa urefu, wafupi mbele. Sasa ilibaki kuwashukuru walezi wa makao. "Kazi mnayoifanya," akasema, "haisomewi darasani. Hii ni kazi ya moyo." Tukapiga makofi. Walezi watatu waliokuwa wamesimama nyuma, wamefunga vitenge vya sare, wakainamisha vichwa kwa haya, maana waliona wamesifiwa. Mimi niliona wametukanwa.

Kauli hiyo utaikuta kila mahali: kwenye mimbari, redioni, kwenye kikao cha madiwani bajeti ya ustawi wa jamii inapokatwa, hata vinywani mwa walezi wenyewe. Husemwa kwa nia njema, na ndiyo maana ni vigumu kuipinga. Ukiipinga, watu wanadhani unadharau upendo. Lakini hebu itazame kauli hii ikiwa kazini. Anayekagua nyama machinjioni amesomea. Mwenye bodaboda anatakiwa leseni. Anayepika mgahawani anatakiwa akapimwe afya. Fundi anapokuja kutandika nyaya za umeme nyumbani kwako humuulizi kama ana moyo wa umeme. Ila mtu anayekabidhiwa funguo za bweni la watoto ishirini, ambamo mmoja ameharibiwa na mtu wa nyumbani kwao, mwingine ameshuhudia mama yake akiuawa, wa tatu amelala stendi tangu ana miaka saba akinusa gundi ili asisikie baridi, huyo tunasema moyo unamtosha.

Nasema hivi nikiwa na deni. Moyo huo niliwahi kuwa nao, tena mkubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na diploma ya uhasibu isiyonipatia kazi, nikaenda kujitolea kwenye makao ya watoto ambayo sitayataja. Siku ya tatu nilikabidhiwa bweni la wavulana. Hakuna aliyenieleza lolote isipokuwa saa za chakula na mahali zinapokaa ndoo.

Wiki moja baadaye aliletwa mvulana wa miaka kama tisa, ameokotwa stendi ya Ubungo, enzi hizo mabasi ya mikoani yalikuwa bado yanaondokea pale. Nitamwita Shabani, ingawa silo jina lake. Alikuwa mpole, mtiifu, hana neno na mtu. Nikajiona mlezi hodari. Kisha bweni likaanza kunuka. Nilifuata msururu wa sisimizi waliokuwa wanapanda mguu wa kitanda chake, nikainua godoro. Chini yake kulikuwa na mfuko wa rambo, na ndani ya mfuko mabonge ya ugali yaliyokauka hadi yakapasuka, vipande vya mkate vyenye ukungu wa kijani, ndizi mbili nyeusi, na dagaa waliofungwa kwenye karatasi ya daftari kwa uangalifu, kama mtu anayefunga dawa.

Sikumpiga. Nilijisifu sana kwa hilo. Niliwaita wenzake wote, nikaufungua mfuko mbele yao, nikaeleza kwa sauti ya upole kabisa kwamba hapa hatuibi, hapa chakula kipo cha kutosha, hakuna sababu ya kuficha. Nikachukua mfuko, nikautupa kwenye pipa huku anaangalia, ili ajifunze. Hakulia. Aliliangalia pipa. Tangu siku hiyo nilikaa naye mezani nikihakikisha anamaliza sahani na hatoki na kitu. Siku ya nne aliruka ukuta usiku, na sikumwona tena.

Miaka ilipita. Nikaja kusoma ustawi wa jamii, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na alasiri moja ya joto mwalimu akagusia jambo hilo kwa sentensi chache, bila mbwembwe, kama mtu anayekumbusha kuwa maji huchemka. Mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu huficha chakula hata anaposhiba. Kumnyang'anya ni kumthibitishia kuwa alikuwa na haki ya kuficha. Mpe kopo lake mwenyewe lenye mfuniko, likae karibu na kitanda, liwe na kitu kisichooza, na kila likipungua lijazwe bila maneno. Baada ya muda ataacha kulifungua.

Kopo lenye mfuniko! Niliandika kwenye daftari, kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Moyo wangu wote ule haukuwahi kuniambia habari za kopo.

Sasa akija mtu kuniambia kazi hii haisomewi, namuuliza: Shabani alihitaji upendo kiasi gani zaidi? Nilimpenda. Nilimpenda nikamfukuza.

Tuna neno letu kwa watoto wa aina yake. Tunasema "ameshindikana". Mtoto aliyeshindikana, apelekwe kwa babu yake kijijini, apelekwe bweni, apelekwe Irambo kule Mbeya kwenye shule ya maadilisho. Kitenzi hiki kina ujanja. Ukisema "nimeshindwa", kuna mtu aliyeshindwa, anaweza kuulizwa alijaribu nini, kwa siku ngapi, na nani alimfundisha kujaribu. Ukisema "ameshindikana", mshindwa anatoweka, anabaki mtoto peke yake na kushindikana kwake, kana kwamba ni ulemavu aliozaliwa nao. Nimesoma mafaili ya watoto yenye neno hilo ukurasa wa kwanza na hayana kingine ukurasa wa pili.

Wapo wanaodhani dawa ya kushindikana inajulikana tangu zamani, na ni ya mti. Hawa hawakosi methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Sina ugomvi na waliotunga methali. Walikuwa wanamsema mtoto anayejua kuwa mkono unaomchapa asubuhi ndio uliomlisha jana na utakaomfunika usiku. Mtoto aliyepigwa miaka mitano na baba wa kambo fimbo yako haimwambii jambo jipya, inamhakikishia tu kuwa watu wazima wote ni wamoja. Na kama hoja ni wingi wa viboko, mbona hatujakosa? Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, walishakumbana na ukatili wa mwili kabla ya kufika miaka 18: ngumi, mateke, kuchapwa. Fimbo ingekuwa inafunza, nchi hii ingekuwa imefunzika zamani. Kanuni za shule zenyewe zinajua hatari yake: viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe. Wote tunajua zinavyofuatwa, na mwaka 2018 kule Bukoba mwanafunzi wa shule ya msingi alikufa baada ya kuchapwa na mwalimu.

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinasema adhabu kwa mtoto haihalaliki ikiwa imepita kiasi kwa umri na hali yake ya mwili na akili, wala haihalaliki ikiwa mtoto hana uwezo wa kuelewa shabaha yake. Soma tena hapo pa mwisho. Sheria inamtaka mtu mzima, akiwa amekasirika, pengine usiku, apime kama mtoto aliye mbele yake anaelewa kwa nini anarudiwa. Kupima huko kunahitaji kujua mtoto wa miaka sita anafikirije, na hofu inamfanyaje mtoto aliyezoea kupigwa: wengine huganda, hawajibu, wanaonekana jeuri. Ukiona jeuri pale palipo na hofu, utaongeza kiboko. Bunge liliweka hitaji la ujuzi ndani ya sheria, sisi tukaendelea kuhubiri moyo.

Hoja nzito zaidi ya wanaohubiri moyo ni ya bibi. Bibi zetu, wanasema, walilea yatima, walilea wakorofi, walituliza wafiwa, na hawakukanyaga chuo. Hoja hii imenichukua muda, kwa sababu inagusa kitu cha kweli. Lakini anayeitoa hajamtazama bibi huyo vizuri. Nani alikuwa nyakanga, yule kungwi mkuu wa unyago? Mwanamke yeyote mwenye moyo? Katika unyago wa pwani hukuwa unaamka asubuhi ukajiita kungwi. Ulichezwa mwenyewe, ukawa msaidizi kwa miaka, ukabeba vyombo vya mwenzio, ukazijua nyimbo na maana zake, ukaonekana unaweza kukaa na siri ya mwali, ndipo wakubwa wakakukabidhi. Mkunga wa jadi aliangalia uzazi mwingi akiwa ameshika taa kabla hajaruhusiwa kushika mtoto. Tulikuwa na mafunzo, tena marefu, yenye walimu wakali na wasimamizi. Darasa lenye ubao ndilo halikuwepo. Kusema mila zetu ziliacha malezi magumu kwa yeyote mwenye huruma ni kuzishusha hadhi huku ukidhani unazitetea.

Na bibi wa leo wapo wa kutuonyesha. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na kina bibi 14 wa kujitolea, akawaketisha kwenye mabenchi nje ya zahanati wawasikilize watu waliolemewa na mawazo. Mradi huo umesifiwa duniani kote, na mashabiki wa moyo huupenda sana: unaona, bibi tu na benchi! Wanasahau sehemu ya katikati. Bibi wale walifundishwa kuuliza maswali 14 ya kupima hali ya mtu, wakafundishwa hatua za kumsaidia mgonjwa ataje tatizo moja na atafute njia yake mwenyewe, wakafundishwa ni nani asiyefaa kubaki benchini na anayepaswa kupelekwa kwa muuguzi mara moja. Walikuwa na watu wa kuwasimamia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliwapima wagonjwa 573, na waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ule ulikuwa moyo wa bibi uliotiwa ufundi.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Moshi, na Bungoma huko Kenya. Watafiti waliwachukua watu wa kawaida wa maeneo hayo, wasio na shahada ya saikolojia, wakawafundisha tiba ya kuzungumza na watoto waliofiwa na mzazi na wanaoandamwa na kumbukumbu za msiba huo. Watoto 640 walihusika, na kila mwezeshaji alikutana na msimamizi wake wiki kwa wiki kueleza kilichotokea kikaoni. Taarifa iliyotoka mwaka 2020 ilionyesha kuwa tiba ilipomalizika, katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walikuwa wamepata nafuu kuwazidi wenzao waliobaki na msaada wa kawaida. Eneo la nne, mjini upande wa Tanzania, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa vyovyote, hapa hakuna anayedai kila mlezi awe na digrii. Swali ni kama tunamfundisha mtu kitu mahsusi na kumsimamia anapokifanya, au tunampa funguo na kumwombea.

Hapo nawapa wapinzani wangu haki yao. Wanaposema wenye vyeti hawana huruma, hawasemi uongo mtupu. Nimekutana na maafisa waliohitimu wakaweza kuorodhesha hatua za ukuaji wa mtoto kwa mpangilio, ila mtoto akianza kupiga kichwa ukutani wanatafuta simu. Vyuo vyetu vina lawama. Tuna taasisi ya kufundisha ustawi wa jamii Kijitonyama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, kwa hiyo kudai kuwa kazi hii haisomewi ni kupuuza nusu karne ya historia ya nchi yako. Lakini palipo na wanafunzi wengi kuliko wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi hupelekwa ofisini akapange mafaili kwa wiki nane, akarudi na fomu iliyogongwa muhuri. Huyo hakufundishwa, na ukimtoa yeye kama ushahidi dhidi ya mafunzo ni sawa na kulilaumu jahazi ambalo halijawahi kushushwa majini.

Mafunzo ninayoyatetea yana jasho. Ni kukaa na mtoto mgumu huku mtu anayejua zaidi yako amekaa pembeni, kisha mkitoka akuulize: ulipoinua sauti pale, ulikuwa unamjibu mtoto au unamjibu baba yako? Swali hilo niliulizwa. Lilinikera wiki nzima. Ni kujifunza kumsikiliza mtoto anayesimulia alivyofanyiwa bila kumtilia maneno mdomoni, kwa sababu maneno hayo yatafika mahakamani, na wakili wa mtuhumiwa atauliza nani aliyataja kwanza. Kesi inaweza kufia hapo, kwa mlezi mwenye upendo aliyeuliza, "Ni mjomba, eeh? Sema tu, ni mjomba?" Ni kujua lini ukae kimya. Ni kujua pia kuwa wewe mwenyewe utachoka, utaota ndoto za watoto wa watu, na kwamba kuchoka huko kuna dalili na kuna namna ya kukushughulikia kabla hujaanza kuwachukia.

Jingine lisilosemwa sana: neno "moyo", au "wito", lina faida kwa mtu, na mtu huyo si mtoto. Kazi ikiitwa ya moyo, malipo nayo yanakuwa ya moyo. Walezi ninaowafahamu wanapewa "posho", wanalala kazini, na wakidai nyongeza wanaulizwa kama walikuja kwa ajili ya watoto au kwa ajili ya hela. Hakuna anayemwambia mhandisi wa daraja kuwa ujira wake uko mbinguni. Wengi wa walezi hao ni wanawake, na hapa pana ile dhana kongwe kwamba mwanamke huzaliwa ameshajua kulea, basi kumlipa kwa hilo ni kama kumlipa kwa kupumua. Ukikiri kuwa kazi ina ufundi, itabidi ukiri ina ngazi, na ngazi ina mshahara. Ndiyo maana kauli ya mgeni rasmi ni rahisi kuliko magunia yake manne.

Watasema hela yenyewe iko wapi, afadhali inunue unga. Nimeona hesabu hiyo ikifanywa. Mtoto anashiba, anatoroka akiwa ameshiba, anaokotwa tena, analetwa tena na unga mwingine. Na asiporudi, siku moja mji unaamka na hofu ya magenge ya vijana ya Panya Road, kama Dar es Salaam ilivyoamka Januari 2015 na ikaamka tena mwaka 2022, polisi wanamwagwa mitaani, na kila mtu anauliza vijana hawa wadogo walitoka wapi. Baadhi yao walipita mikononi mwetu. Tuliwapikia.

Wapo pia wageni wa kujitolea wa wiki mbili. Arusha na Moshi wanawajua: gari linaegeshwa, watoto wanakimbia, wanamrukia mtu wasiyewahi kumwona, wanamng'ang'ania shingoni. Mgeni machozi yanamtoka, "tazama wanavyopenda watu!" Mlezi aliyefundishwa anaona kengele ya hatari. Watafiti waliowafuatilia watoto 136 wa Bucharest, Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta tabia hiyohiyo kwa watoto waliokulia kwenye taasisi: kumwendea yeyote, kwa sababu hakuna mmoja aliyekuwa wake. Mtoto mwenye mtu wake hujificha nyuma ya gauni kwanza, achungulie. Kwa macho ya moyo mtukufu, jeraha lile linaonekana ni ukarimu, na wiki mbili baadaye mgeni anapanda ndege, jeraha linachimbwa upya. Julai anakuja mwingine.

Mwezi uliopita nilipita mbele ya geti lenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi: anahitajika mlezi wa kike, awe na moyo wa upendo, mcha Mungu, asiwe na majukumu ya kifamilia, awe tayari kulala kituoni. Chini yake namba ya simu. Nikapiga. Sauti ya kiume, ya heshima kabisa, ikanikaribisha. Nikauliza watoto ni wangapi. Thelathini na wawili. Usiku wanalala na walezi wangapi? Mmoja, dada, ndiye huyo tunayemtafuta. Nikauliza kama kuna mafunzo kabla ya kuanza, na wametoka katika mazingira gani watoto hao. Akanyamaza kidogo. Akasema ni watoto wazuri tu, nitawazoea, kisha akaniuliza kama najua kupikia watu wengi.